Kuziba fimbo ya pistoni kwenye garimoshi la mvuke: spana ije mwisho

Glandi ya silinda, yaani kile kifuniko cha nati kinachobana pakingi (kamba au pete za kuzibia) kuzunguka fimbo ya pistoni, ikianza kupuliza mvuke, mkono wa fundi hukimbilia spana. Anakaza nati robo mzunguko, mvuke unapungua, anaondoka ameridhika. Kesho yake inapuliza tena, naye anakaza tena. Mwishowe glandi imezama yote ndani ya boksi linaloshika pakingi, pakingi imekauka haina uhai, na fimbo ya pistoni imechorwa michirizi ambayo hakuna pakingi itakayoiziba.

Mimi kazi yangu ni injini za mvuke, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanya nimechuchumaa kati ya silinda na krosihedi, kile kipande kinachoteleza mwishoni mwa fimbo ya pistoni. Nilichokiona huko ni kwamba pakingi ndiyo inayovuja, lakini mara nyingi si yenyewe yenye kosa. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na pakingi. Unaanza na fimbo, unapita kwenye vyuma vya mwongozo ambavyo krosihedi huteleza juu yake, ndipo unafika kwenye boksi.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Silinda ya garimoshi husukumwa pande zote mbili: mvuke unaingia mbele ya pistoni, kisha nyuma yake, kwa zamu. Ili nguvu ifike kwenye magurudumu, fimbo ya pistoni lazima itokeze nje kupitia tundu la mfuniko wa nyuma. Ndani ya tundu hilo kuna shinikizo la bar 10 hadi 14 kwenye injini nyingi, nje kuna hewa tu. Na fimbo haitulii. Inatoka ikiwa moto na imelowa oili, inarudi ndani ikiwa imepoa kidogo na imebeba vumbi la njiani. Tena haiendi mbele na nyuma tu, inapanda na kushuka pia, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa.

Hasara ya glandi inayovuja si mvuke peke yake. Dereva huzibwa macho na wingu jeupe, hilo linajulikana. Lakini mimi naogopa zaidi maji. Mvuke ule ukitoka unageuka maji, maji yanadondokea kwenye vyuma vya mwongozo na krosihedi, yanaosha oili na kuiacha nyeupe yenye povu. Oili ya namna hiyo hailindi chochote. Slipa za krosihedi, yaani vipande vyake vinavyosuguana na vyuma hivyo, zinalika, fimbo inaanza kucheza, na fimbo inayocheza inaipanua pakingi. Hapo uvujaji unazaa uchakavu, na uchakavu unazaa uvujaji.

Hakikisha ni glandi hiyo kweli

Eneo lile lina vitu vingi vinavyoweza kupuliza: kiungo cha mfuniko wa silinda, glandi ya fimbo ya valvu inayogawa mvuke kwenye silinda, koki za kutolea maji. Mvuke hutoka pahali pamoja ukaonekana pengine.

Injini ikitembea, sikiliza na utazame kwa mbali. Glandi ya fimbo ya pistoni hupuliza mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, wakati mvuke uko nyuma ya pistoni, upande wa fimbo. Kama kuna mpulizo usiokatika muda wote regulata (valvu ya dereva ya kuruhusu mvuke utoke boilani) ikiwa wazi, na injini ni ya valvu bapa za kuteleza, angalia glandi ya fimbo ya valvu, maana kwenye injini hizo boksi la valvu hukaa na shinikizo kamili muda wote. Kwenye injini zenye valvu za pistoni zinazoingiza mvuke kutoka katikati, glandi za valvu hukutana na mvuke uliokwisha kufanya kazi tu, kwa hiyo hazipulizi kwa nguvu hata zikiwa mbovu.

Kupima ukiwa umesimama, simamisha injini ili pistoni ya upande unaoupima iwe karibu na katikati ya mwendo wake. Funga breki, weka kabari kwenye magurudumu, pasha silinda moto koki zikiwa wazi, kisha zifunge. Peleka lever ya kugeuzia mwendo mbele kabisa, fungua regulata kidogo sana, tazama. Funga regulata, peleka lever nyuma kabisa, fungua tena, tazama. Katika hali moja kati ya hizo mbili mvuke utakuwa upande wa fimbo. Simama pembeni, usisimame usawa wa glandi, na mtu asiwe katikati ya magurudumu. Usitafute uvujaji kwa mkono: pale mdomoni pa glandi mvuke hauonekani, unaanza kuonekana ukishapoa sentimita kadhaa mbele. Funga kitambaa kwenye fimbo ndefu ya mbao, kipitishe taratibu, kitakuambia.

Kabla ya kugusa nati

Moto uwe umetolewa, geji ya boila isome sifuri, na kama una muda acha injini ipoe kabisa. Kuna wanaosema regulata ikifungwa na lever ikiwekwa kati, inatosha. Haitoshi. Regulata nyingi huvuja, na mifumo mingi ya valvu hufungua mlango wa mvuke kidogo hata lever ikiwa katikati. Kinachokulinda ni boila lisilo na shinikizo, na koki za silinda zilizoachwa wazi mpaka umalize. Kabari mbele na nyuma ya gurudumu, na bango kwenye mkono wa regulata. Hakikisha pia hakuna injini nyingine itakayokuja kugonga mabehewa ya njia hiyo wakati vidole vyako viko ndani ya boksi.

Halafu kuna asbesto. Katika karne ya 20 pakingi ya kamba ya asbesto iliyopakwa grafiti ilikuwa kitu cha kawaida kabisa kwenye garimoshi. Ukifungua boksi la injini ya zamani ukakuta nyuzi za kijivu na huna karatasi ya kuonyesha ni nini, ichukulie kuwa ni asbesto. Ilowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, itoe ikiwa imelowa, vaa barakoa ya daraja la P3 na nguo utakazozitupa, weka mabaki kwenye mifuko miwili iliyofungwa. Usipulize boksi kwa hewa ya kompresa. Usifagie pakavu. Nchi nyingi zina sheria juu ya nani anaruhusiwa kuishika na inatupwa wapi, zifuate.

Pakingi ya zamani hutolewa kwa ndoano ya kizibuo iliyounganishwa kwenye waya unaopindika. Ncha ielekee kwenye ukuta wa boksi, isielekee kwenye fimbo. Bisibisi haina kazi hapa.

Soma fimbo

Safisha fimbo kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane. Chukua maikromita, pima karibu na pistoni, kisha kila milimita 50 hadi karibu na krosihedi, na kila mahali pima mara mbili: wima, halafu mlalo. Andika. Zile ncha mbili ambazo haziingii kwenye pakingi hubaki na kipenyo cha asili, hizo ndizo rejea yako. Katikati, ambako hupita ndani ya pakingi kwa kasi kubwa zaidi, utakuta fimbo imekonda.

Fimbo iliyokonda katikati haina pakingi inayoifaa. Ukibana mpaka katikati isivuje, ncha zitabanwa mno na kupata joto. Ukilegeza kwa ajili ya ncha, katikati itapuliza. Kwa pakingi laini mimi navumilia tofauti ya hadi milimita 0.3 kwenye fimbo ya milimita 70 hivi. Kwa pakingi ya chuma sianzi kazi ikiwa imezidi 0.1. Ikizidi hapo, fimbo itolewe, isagwe kwenye mashine, na kama imekuwa nyembamba mno ijazwe kwa kromu ngumu au kwa kunyunyiziwa metali, kisha isagwe tena mpaka kipimo. Ukishabadilisha kipenyo cha fimbo, kumbuka bushi zote, yaani pete za chuma ambazo fimbo hupita ndani yake, nazo zitengenezwe upya.

Michirizi ipitie kwa ukucha. Ile ya urefu, inayofuata mwendo wa fimbo, ni mibaya kuliko ya mviringo kwa sababu kila mmoja ni mfereji wa kutolea mvuke. Kama ukucha haukwami, zungushia fimbo msasa laini uliolowa oili na usugue kwa kuzunguka, ukitanuka pande zote mbili za mchirizi. Usisugue pahali pamoja tu, utaacha bonde. Kama ukucha unakwama, msasa hautakusaidia.

Kuna jambo moja la bure ambalo wengi hawalifanyi: itazame fimbo kabla hujaisafisha. Fimbo yenye afya ina utando mwembamba wa oili wa rangi ya kijivu iliyokolea, ulioenea sawasawa, ukipitisha kitambaa cheupe kinabaki na alama. Ukiona upande mmoja unang'aa mkavu na upande wa pili umelowa, fimbo inalalia glandi au bushi. Ukiona kahawia au bluu, imekwisha kuungua. Ukiona kutu nyembamba ya rangi ya chungwa, oili inaoshwa na maji. Hayo yote hupotea ukishapitisha mafuta ya taa.

Nenda kwenye vyuma vya mwongozo

Krosihedi ni kile kipande kinachounganisha fimbo ya pistoni na konirodi (mkono unaozungusha gurudumu), kikiteleza kwenye vyuma vya mwongozo. Konirodi haisukumi ikiwa imenyooka. Ina pembe, kwa hiyo inainyanyua au kuikandamiza krosihedi. Injini ikienda mbele, silinda ikiwa mbele ya gurudumu la kuendeshea kama kawaida, msukumo huo huelekea juu, pistoni iwe inaenda au inarudi. Dereva akifunga regulata injini ikajiendea kwa kasi yake, krosihedi inashuka. Akifungua, inapanda. Sasa kama kuna milimita mbili za nafasi kati ya slipa na chuma cha mwongozo, mwisho wa fimbo unapanda na kushuka milimita hizo mbili, na pakingi ndiyo inayopigwa.

Pima nafasi hiyo kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya, krosihedi ikiwa mbele, katikati na nyuma, kwa sababu vyuma hulika zaidi katikati. Ukitaka kuona fimbo inafanya nini, funga geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo) kwenye mfuniko wa silinda, ncha yake iguse fimbo kwa juu, kisha sogeza injini polepole kwa mtaimbo huku mwenzako akisoma. Geji ikipanda na kushuka sawasawa na vipimo vya maikromita, ni uchakavu wa fimbo. Ikienda upande mmoja mfululizo, fimbo na vyuma vya mwongozo haviko kwenye mstari mmoja.

Niliitwa kwenye injini moja ambayo glandi yake ya kulia ilikuwa ikijazwa pakingi mpya kila mara, ya bei kila mara ikipanda, na kila mara ikipuliza baada ya safari chache. Rula ya chuma iliingia yenyewe kati ya slipa na chuma cha juu, bila kusukumwa. Slipa zikamiminiwa metali upya, zikakwanguliwa mpaka zikakaa, na pakingi ile ile iliyokuwa ikilaumiwa ndiyo iliyorudishwa, ya aina ile ile, ikadumu.

Bushi ya ndani ya boksi nayo iangaliwe. Kazi yake ni kuzuia pakingi isisukumwe kuingia kwenye silinda. Haikuwekwa kubeba uzito wa pistoni. Kwa fimbo ya milimita 70 huwa natoboa bushi mpya kwa nafasi ya nusu milimita. Nafasi ikizidi milimita moja kila upande, pakingi laini huanza kuchuruzika ndani na glandi inazama kila siku bila sababu inayoonekana. Hali kadhalika tundu la glandi yenyewe.

Pakingi ipi

Chagua kwa joto kabla ya bei. Mvuke wa kawaida, utokao boilani bila kupashwa zaidi, una joto linalofuata shinikizo lake: kwenye bar 14 ni kama nyuzi 198 za Selsiasi. Katani au pamba iliyosukwa na kulowekwa shahamu iliweza kuishi kwenye joto hilo kwa muda, ndiyo maana ilitumika karne nzima ya 19. Leo kuna kamba za PTFE (plastiki ijulikanayo kama Teflon) zenye grafiti, nyingine zenye nyuzi ngumu za aramidi kwenye pembe, na PTFE inavumilia hadi nyuzi 260. Kwa mvuke wa kawaida sioni sababu ya kutafuta kingine.

Mvuke unaopashwa tena baada ya kutoka boilani ni habari nyingine. Tangu mfumo wa mhandisi Mjerumani Wilhelm Schmidt wa kupasha mvuke ulipowekwa kwenye magarimoshi ya Prussia, Ujerumani, mwaka 1898, silinda zilianza kupokea mvuke wa nyuzi 300 na zaidi, na kwenye injini za baadaye hata karibu na 400. Hapo katani inakuwa mkaa na PTFE inaharibika. Tena PTFE ikiungua hutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo vipande vya mabaki visitupwe kwenye moto wa injini, na usivute sigara ukiwa na vumbi lake mikononi. Kwa injini hizo weka pakingi ya chuma.

Kufunga pakingi laini

Kipimo cha kamba ni tundu la boksi ukitoa fimbo, ugawe kwa mbili. Boksi la milimita 102 na fimbo ya 70 vinataka kamba ya mraba ya milimita 16. Kamba ya 19 isipigwe nyundo ili iingie. Kupiga kunavunja msuko, na msuko uliovunjika unafumuka ndani. Ikiwa nene kwa nusu milimita tu, ilaze mezani upitishe bomba juu yake kama mpini wa kusukumia chapati, itakaa.

Kata pete kwenye kipande cha bomba au mbao ya kipenyo sawa na fimbo, siyo kwenye fimbo yenyewe ambako kisu kitaacha alama. Zungushia kamba bila kuivuta, kata kwa mshazari wa nyuzi 45 kwa kisu chenye makali hasa. Hesabu ya kujihakikishia: kipenyo cha kati ni 70 jumlisha 16, yaani 86, mara 3.14, unapata milimita 270. Kata pete ya kwanza, ijaribu ndani ya boksi. Ncha zikutane bila kupandana na bila kuacha mwanya. Ikikaa vizuri, hiyo ndiyo kielelezo cha zilizobaki.

Boksi letu la mfano lina kina cha milimita 88 kutoka kwenye bushi. Pete tano ni milimita 80, zinabaki nane za kuingizia pua ya glandi. Usiongeze ya sita kwa kufikiri pete nyingi zinaziba zaidi. Glandi isiyoingia vizuri kwenye boksi inakaa upande, na glandi iliyokaa upande inakata fimbo.

Uingizaji ndio unaoamua. Pete usiifungue kwa kuivuta ncha mbili zitengane, maana itavunjika mgongo upande wa pili. Ipindue: ncha moja iende mbele, nyingine irudi nyuma, ipite juu ya fimbo, kisha uirudishe. Ipake oili ya silinda. Anza na kiungo: zisukume ncha mbili pamoja ndani ya mdomo wa boksi kwa dole gumba, zishike hapo, halafu ingiza upande ulio mkabala, kisha robo zilizobaki. Ukianza upande mwingine, kiungo kitabaki kimevimba nje na utalazimika kukikandamiza. Pete ikishaingia, isukume mpaka chini kwa mkono wa mbao uliopasuliwa nusu mbili unaokumbatia fimbo. Mimi huutengeneza kwa mti mgumu na kuuandika kipenyo chake. Sikia kwa mkono: pete ikifika chini inasimama ghafla. Kama inarudi kidogo ukiachia, imejikunja. Itoe.

Kila pete iwekwe peke yake hivyo hivyo, na kiungo chake kikae theluthi ya mzunguko mbali na cha pete iliyotangulia. Kusukuma tatu kwa pamoja ni kuziachia za ndani zikiwa legelege huku za nje zikibeba kazi yote.

Weka glandi, kaza nati kwa spana kidogo sana ili pete zikae, kisha zilegeze kabisa na uzirudishe kwa vidole. Pima kwa kalipa nafasi kati ya uso wa glandi na uso wa boksi penye kila bolti; zilingane. Pitisha fila kati ya fimbo na tundu la glandi pande zote nne. Popote inapokataa kuingia, glandi inagusa.

Siku ya kwanza iache ivuje kidogo. PTFE hupanuka sana kwa joto, na glandi iliyobanwa ikiwa baridi itakuwa imebanwa kupita kiasi ikishapata moto. Pasha silinda koki zikiwa wazi, tembeza injini polepole, simama, funga mvuke, gusa glandi kwa nyuma ya mkono ukiwa na tahadhari. Kama fimbo ina joto kuliko mfuniko wenyewe, legeza. Kama bado unatoka mvuke mwembamba, kaza kila nati uso mmoja, yaani sehemu moja ya sita ya mzunguko, ukipokezana, kisha tembea tena kabla ya kugusa kwa mara nyingine. Ukishapata pahali pazuri, funga nati za kufungia.

Pakingi ya chuma

Hapa kanuni ni tofauti na wengi huikosea. Pakingi laini hubanwa na fundi. Pakingi ya chuma hubanwa na mvuke. Springi zilizomo ndani hazizibi; kazi yake ni kushikilia vipande pahali pake wakati hakuna mvuke. Kwa hiyo kuweka springi kali zaidi ili izibe ni kupoteza fimbo bure.

Aina ya kwanza ni pete za metali nyeupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na risasi, zinazokaa ndani ya kikombe chenye umbo la pia. Mvuke unazisukuma kwenye mteremko wa pia, nazo zinabana fimbo. Ni nzuri kwa mvuke wa kawaida. Metali nyeupe yenye bati jingi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 240, hivyo glandi ikikauka oili utakuta matone yameganda kwenye vyuma vya mwongozo. Nusu za pete zishikanishwe na kukerezwa kwa kipenyo halisi cha fimbo ulichokiandika, kisha paka fimbo rangi ya bluu ya kukagulia mahali panapogusana, zungusha pete, na ukwangue madoa yaliyoshika mpaka alama zienee.

Aina ya pili ni vipande vya chuma cha kusubu vilivyofungwa na springi ya mviringo, vikikaa viwiliviwili ndani ya chumba. Pete moja imekatwa kuelekea katikati, ya pili imekatwa kwa ubavu, na pini inazizuia zisizunguke ili mikato isikutane. Mvuke unaingia nyuma ya pete, unazisukuma ndani kwenye fimbo na wakati huo huo pembeni kwenye uso wa chumba. Maana yake kuna nyuso mbili za kuziba, si moja, na ule wa pembeni ndio unaosahauliwa. Usugue kwenye bamba bapa kwa dawa ya kusagia mpaka uwe kijivu kote bila doa la kung'aa.

Kila kipande kinavyolika, ncha zake zinakaribiana. Zikigusana, pete haiwezi tena kuifuata fimbo na itapuliza hata kama uso wake ni mzuri kabisa. Usiitupe. Piga tupa ncha hizo mpaka upate mwanya wa milimita moja hivi kila kiungo, rudisha, na utapata maisha mengine kutoka kwenye pete ile ile. Andika namba kwenye vipande kabla ya kuvitoa. Hakuna kipande kinachofaa kwenye nafasi ya mwenzake.

Mwisho, hakikisha mkusanyiko wote unaweza kucheza kwenda juu, chini na pembeni ndani ya nyumba yake. Uliumbwa uelee, ili fimbo ikisogea kidogo pete ziende nayo. Ukikuta umeganda kwa kaboni, hapo ndipo uvujaji ulipotokea, na kusafisha peke yake kunaweza kumaliza kazi. Lakini kuelea huko kuna kikomo, na krosihedi yenye milimita mbili za mchezo inakivuka.

Oili, na namna ya kuendesha

Juu ya glandi nyingi kuna kikombe cha oili chenye utambi wa sufu. Utambi uliolowa maji haupandishi oili, ubadilishe. Kipande cha pamba kilichosukwa, kikazungushiwa fimbo mbele ya glandi na kulowekwa oili ya silinda, kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, mradi kioshwe, la sivyo kinageuka msasa kwa vumbi lililomo.

Dereva naye ana sehemu yake. Koki za silinda zifunguliwe kila injini inapoanza ikiwa baridi, maji yatokanayo na mvuke uliopoa ndani yanaosha oili kuliko kitu kingine chochote. Na kwenye injini ya mvuke uliopashwa zaidi, asifunge regulata kabisa akiwa kwenye kasi. Pistoni zikibaki zinavuta bila mvuke, zinanyonya gesi na majivu kutoka kwenye chumba cha moshi kupitia bomba la kutolea, na glandi inanyonya vumbi kutoka nje. Aache pumzi ndogo ya mvuke mpaka mwendo upungue.

 

Kila mara unapokaza, andika nafasi iliyobaki kati ya glandi na boksi, pande zote mbili, pamoja na tarehe. Nafasi ikipungua pole pole ni uchakavu wa kawaida. Ikipungua ghafla, pakingi inatoroka kupitia bushi, rudi ukaipime. Na ikibaki milimita mbili au tatu, toa pete zote tano uweke mpya zote. Kuongeza pete moja juu ya nne zilizokufa kunafanya hiyo moja ibebe shinikizo lote, nayo itakuwa imeungua kabla hujafuta mikono.